Namna ya kuandika wasifu wa mbunge mkongwe

Anza na jedwali, si na utoto wake. Chora safu tano: muhula, aina ya kiti, jimbo, chama, wadhifa. Kwa Tanzania, Bunge la 9 ni 2005–2010, la 10 ni 2010–2015, la 11 ni 2015–2020. Kwa Anne Makinda, aliyeingia 1975, akawa Naibu Spika 2005 na Spika 2010 hadi 2015, bila jedwali utapotea njiani.

Safu ya jimbo huwaponza wengi. John Mnyika alikuwa Mbunge wa Ubungo 2010 na wa Kibamba 2015; ukidhani alikimbia wapiga kura wake umekosea, maana Kibamba ilimegwa kutoka Ubungo. Pia usiandike "mbunge" tu: wa jimbo, wa viti maalum na wa kuteuliwa na Rais hawakuingia kwa mlango mmoja. Ukiona amebadili chama katikati ya muhula, tafuta uchaguzi mdogo, kwa kuwa Katiba humwondolea ubunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni.

Kisha Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na hapa usiwe na haraka. Za miaka ya karibuni zimo kwenye tovuti ya Bunge. Kwa enzi Bunge lilipokutania Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini humo, uulizie majalada ya magazeti ya zamani. Kila nukuu iandikie mkutano, kikao na tarehe. Mkutano mmoja una vikao vingi, na ule wa bajeti huanza Aprili ukafika mwisho wa Juni.

Tenga swali la msingi, swali la nyongeza, mchango na hoja binafsi. La nyongeza huulizwa papo hapo, hivyo ndilo linaloonyesha kinachomkera kweli. Akishika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani akizuia bajeti yake hadi apate maelezo, andika alidai nini, alijibiwa nini, na kama aliirudisha. Ukikuta anauliza barabara ileile miaka minne mfululizo, hiyo ni sura nzima ya wasifu: nenda kwenye kata ukaone kama ilijengwa.

Alipokuwa waziri hakuuliza maswali, alijibu kwa niaba ya Serikali. Usiandike kwamba alinyamaza, wala usimpachike majibu hayo kama maoni yake binafsi.

Tarehe zikigongana, fuata Hansard kwa aliyoyasema na Gazeti la Serikali, chapisho rasmi la matangazo yake, kwa uteuzi.