Jinsi ya Kuzuia Maji Machafu Yasirudi Kwenye Bomba la Maji ya Kunywa

Maji ya bomba hufuata msukumo. Msukumo wa bomba kuu ukishuka, kwa mfano linapopasuka au zimamoto wanapovuta maji mengi, mabomba ya nyumba hunyonya chochote kilichogusana na midomo yake. Vilevile, pampu au boila ya ndani ikizidi nguvu ya bomba kuu, maji yake husukumwa kurudi yalikotoka.

Hatua ya 1: Kagua kila koki, ukijiuliza mdomo wake unaweza kuzama wapi. Ninachokikuta mara nyingi ni mpira wa maji ulioachwa ndani ya ndoo ya sabuni au pipa la dawa ya mimea. Asiyeamini na ajaribu kwa maji safi: weka ndoo mahali palipoinuka, uzamishe ncha ya mpira uliojaa maji huku koki yake ikiwa wazi, funga koki kuu, tia alama ya chaki kwenye usawa wa maji, kisha fungua koki iliyo chini zaidi ya ndoo. Maji yakishuka chini ya alama, yameingia kwenye mabomba yako.

Hatua ya 2: Acha pengo la hewa kati ya mdomo wa koki na ukingo ambapo sinki au tangi hufurikia. Liwe angalau mara mbili ya kipenyo cha mdomo, na lisipungue milimita 25. Mdomo wa milimita 20 unahitaji 40. Nalipendelea kuliko valvu yoyote, kwa kuwa halina springi ya kuchoka wala raba ya kuchakaa.

Hatua ya 3: Pasipowezekana pengo, weka valvu ya njia moja, mshale wake ukielekea matumizini. Kwenye njia ya hita ya maji ongeza tangi la upanuzi, yaani la kupokea maji yanayozidi, kwa sababu maji yakipashwa moto huongezeka ujazo na valvu imeshayazibia njia ya kurudi. Palipo na kemikali au majitaka, valvu moja ya kawaida haitoshi: tumia tangi la kati lenye pengo la hewa, ambalo maji ya bomba humwagikia kwanza kabla ya kwenda matumizini.

Hatua ya 4: Usiunganishe bomba la kisima na la maji ya kunywa kwa kutegemea koki iliyofungwa, kwani koki huvuja. Yakiwa yameshaunganishwa, kata kipande cha bomba linaloyaunganisha, uzibe ncha zote mbili.