Toa kwanza: ninavyopumua hofu inaponishika ghafla

Kama imekushika sasa hivi, usisome yote. Keti au egemea ukuta. Shusha mabega. Toa pumzi taratibu kwa mdomo mpaka uhisi imekwisha, kisha funga mdomo na uiache pua ivute kidogo tu. Rudia hivyo hivyo. Mengine utayasoma ukishatulia.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Kariakoo na naishi Kigamboni. Mara ya kwanza ilinishika kwenye pantoni, kile kivuko cha kwenda mjini, asubuhi, watu wamejaa hadi mlangoni. Nilikuwa nimekumbatia furushi la vitenge vya harusi na nyuma mtu amenibana. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kama gurudumu la cherehani lililochomoka mkanda: linazunguka tu, halina kazi linayofanya. Kifua kikabana. Midomo ikaingia ganzi, vidole vikajikunja vyenyewe, nikawa na hakika kwamba nakufa. Wamama wakanizunguka. Mmoja ananipepea kwa kanga, mwingine anasoma dua, na wote wanasema neno moja: "Vuta pumzi, dada! Vuta pumzi!" Nikavuta. Kila nikivuta, hali inazidi.

Mwaka ule nilikwenda hospitali mara tatu. Walinipima presha, sukari, wingi wa damu, wakanibandika nyaya za kupima moyo. Kila mara nikaambiwa moyo mzima, nenda nyumbani, punguza mawazo. Hakuna aliyeniambia kilichonipata kinaitwaje. Nyumbani wengine walisema ni jini wa baharini. Aliyenifungua macho ni mteja wangu, muuguzi, aliyekuja kujaribisha gauni. Akaniambia ni shambulio la hofu, na kwamba wale wamama wa pantoni walinipenda lakini walinielekeza kinyume.

Alinieleza kwa maputo. Umewahi kupuliza maputo ya sherehe ya mtoto, mfululizo, bila kupumzika? Kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaona nyota, midomo inawashawasha. Hujaugua, umepumua kupita mahitaji. Shuleni tulifundishwa kwamba hewa ukaa ni hewa chafu ya kutolewa nje, lakini damu inahitaji kiasi chake ibaki ndani. Ukihema haraka na kwa nguvu unaitoa kupita kiasi, na ikipungua mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa. Hapo ndipo kizunguzungu kinapotoka, na ganzi ya midomo, na vidole kukakamaa. Unahisi umekosa hewa wakati oksijeni unayo ya kutosha. Basi unavuta zaidi, unapoteza hewa ukaa zaidi, na hofu inapanda juu ya hofu.

Kwa hiyo kazi yako iko kwenye kutoa. Mapafu yaliyojaa hayana nafasi ya kuingiza kingine, ndiyo maana mtu aliyeshikwa anasema pumzi haishuki. Punguza kwanza.

Hesabu ninayotumia ni 4 kuingia na 6 kutoka. Vuta kwa pua, mdomo umefungwa, ukihesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne. Usishikilie. Toa kwa midomo iliyobana kidogo, kama unapoza kijiko cha uji kabla ya kumlisha mtoto: ukipuliza kwa nguvu uji unamrukia usoni, kwa hiyo unapuliza kwa upole na kwa muda mrefu. Hesabu hadi 6. Kila namba iwe na urefu wa sekunde moja. Ukifanya hivyo unapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Moyo nao hufuata, maana mapigo hupungua kasi kidogo kila unapotoa pumzi, na ndiyo sababu kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Hofu ikiwa kali, 4 na 6 inaweza kukushinda. Anza na 2 na 3, au 3 na 4, uongeze ukiweza. Mimi dakika ya kwanza huwa siwezi kuhesabu kabisa, natoa tu. Na pumzi ya kuvuta iwe ndogo. Neno hili nalirudia kwa sababu karibu kila mtu analikosea: akisikia "pumua vizuri" anajaza kifua hadi mabega yanagusa masikio. Huko ni kurudi kwenye maputo.

Endelea kwa dakika 5 angalau, hata kama mbili za mwanzo huoni nafuu. Shambulio lenyewe kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka. Ukilijua hilo hesabu inakuwa nyepesi, kwani unasubiri kitu kinachokwisha. Usikae unashika mshipa wa mkono kupima mapigo. Kila pigo utakalolisikia litakutisha upya.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo ninapotaka ukae sana, kwa sababu pumzi usiyoizoea siku ya shwari hutaipata siku ya msukosuko. Mimi nilijifunza kwa futi. Chukua futi ya fundi, izungushe tumboni usawa wa kitovu, ncha mbili uzishike kwa vidole bila kukaza ili iweze kuteleza. Toa pumzi, soma namba. Vuta, soma tena. Halafu ipandishe kifuani, chini ya kwapa, ufanye vile vile. Siku yangu ya kwanza kifua kiliongezeka inchi 2 na tumbo halikusogea hata robo. Nilikuwa napumua juu juu miaka yote ile, mabega yanapanda na kushuka, na jioni shingo inauma nikidhani ni kuinamia cherehani tu. Pumzi nzuri husukuma kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, nacho kikishuka tumbo linatokeza. Nikawa nalala chali kwenye mkeka, magoti juu, asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala, dakika 5 kila mara. Baada ya wiki kadhaa futi ikaanza kusema mengine: tumbo linaongezeka karibu inchi 1, kifua kimetulia. Huna futi? Funga kanga kiunoni, usikaze, usikilize inavyobana na kulegea.

Na kama fundi niseme jambo ambalo sijalisikia likisemwa: nguo. Tunashona magauni ya vitenge yanayobana kuanzia kifuani hadi nyonga, na mteja anasema "bana kidogo tena." Mtu aliyevaa hivyo tumbo lake haliwezi kutokeza, kwa hiyo lazima apumulie kifuani. Hofu ikikushika ndani ya gauni la namna hiyo, shusha zipu. Legeza mkanda wa suruali. Jifunike kwa khanga ukitaka, lakini tumbo lipate nafasi. Siku hizi mteja akiniambia huwa anapata hofu kwenye mikusanyiko, kiunoni namwachia inchi moja na nusu na simuulizi zaidi.

Kahawa nimepunguza, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu nimeacha kabisa, maana vyenyewe vinapeleka moyo mbio. Kumfunika mtu uso kwa mfuko ili apumulie humo ni desturi ya zamani. Iache, ni hatari kwa mwenye pumu au ugonjwa wa moyo.

Maana si kila kifua kinachobana ni hofu. Kama ni mara yako ya kwanza, nenda ukapimwe, hata ukiwa na hakika. Nenda haraka zaidi kama maumivu yanakandamiza kifua na kusambaa mkononi, mgongoni au kwenye taya, kama yanakuja ukipanda ngazi au ukibeba mzigo, kama umezimia, kama kifua kinapiga filimbi, kama mguu mmoja umevimba, au kama una mimba au umetoka kujifungua. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingoni navyo huweza kuukimbiza moyo. Na kama mashambulio yanarudi mpaka umeacha kutoka nyumbani, au unawaza kujidhuru, pumzi peke yake haitoshi. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa, na zinasaidia. Watu wengi wakisikia kliniki ya afya ya akili wanawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na aibu. Mimi nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi na mwalimu, dereva, na mama mwenye kichanga, kila mtu na cheti chake mkononi.

Huko ndiko nilikoambiwa niache kuikimbia pantoni. Kwa miezi saba nilikuwa nazunguka na daladala kupitia Daraja la Nyerere hadi Kurasini, nauli mbili, foleni, ilimradi nisione yale maji. Kila nilipozunguka hofu ilikua. Nikaanza upya kidogo kidogo. Kwanza nilikwenda kusimama nje ya geti nikihesabu, nikarudi. Halafu nikavuka Jumapili mchana watu wakiwa wachache, karibu na mlango. Halafu asubuhi. Ilinishika tena katikati ya maji siku moja, nikabaki pale pale, nikatoa, nikatoa, na tulipogusa Magogoni ilikuwa inashuka.

Ukimkuta mwenzako ameshikwa, usimzunguke. Mmoja anatosha. Kaa upande wake, si mbele yake, sauti iwe ya chini, umuulize kama unaweza kumshika mkono. Usimwambie "hamna kitu," kwake kipo. Usimwambie "vuta." Mwambie "toa," na utoe naye ili akufuate.

Mwaka jana ilimpata binti ninayemfundisha kazi, pale pale kwenye kiti chake. Nilimshushia zipu, nikakaa kando yake, mguu wangu ukawa unakanyaga pedali ya cherehani isiyo na uzi: nne polepole, kisha sita. Mwanzoni alikuwa analia na kusema "Mama, nakufa." Nikamwambia, toa, mwanangu. Toa pamoja na mimi. Nilipofika mara ya thelathini hivi akaomba maji, akafuta uso kwa kipande cha bitana, akauliza lile gauni la njano linachukuliwa saa ngapi.