Somo: Honi ya pikapu haitoi sauti? Sikiliza rilei kwanza

Honi ikinyamaza, wengi hukimbilia kununua mpya. Wanaifunga, wanabonyeza, na kimya ni kilekile. Honi hufa kweli, hasa ya pikapu inayopita matope na madimbwi, lakini usiihukumu kabla hujaipima.

Umeme hutoka kwenye betri, ukapita fyuzi na kufika kwenye rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Katika pikapu nyingi kitufe cha usukani hakibebi umeme wa honi. Kazi yake ni kugusanisha waya mwembamba wa rilei na bodi. Rilei ikivuta, ndipo umeme mkubwa unakwenda mbele kwenye honi.

1. Fyuzi. Mchoro uko kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Ya honi huwa kati ya ampia 10 na 20. Ikiwa imekatika, weka ya ampia zilezile. Ikikatika tena, chomoa soketi ya honi ujaribu upya: ikidumu, honi imeshoti ndani, ikiungua bado, kuna waya uliochunika unaogusa bodi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya. Hapo unachoma gari.

2. Rilei. Washa swichi bila kuwasha injini. Mtu akae ndani abonyeze honi, wewe weka kidole juu ya rilei. Ukisikia "tik", usukani ni mzima, nenda hatua ya 3. Kukiwa kimya, ruka hadi ya 4.

3. Rilei inagonga, honi kimya. Honi iko nyuma ya grili au bampa. Chomoa soketi yake uitazame kwa karibu: ukiona unga wa kijani kwenye shaba, huenda umeshampata mchawi. Safisha kwa msasa laini.

Kisha pima kwa taa ya majaribio yenye balbu, mwenzako akibonyeza. Mimi huitanguliza taa kuliko mita, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, lakini balbu inaweza kufifia kwa kuwa inavuta umeme. Honi ya waya mbili, taa iguse pini zote mbili za soketi. Ikiwaka vizuri, honi imekufa. Isipowaka, peleka mguu wa hasi wa taa moja kwa moja kwenye hasi ya betri: ikiwaka sasa, tatizo ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi). Honi ya waya mmoja hupata ethi kupitia bati lililoishikilia, kwa hiyo kwangua kutu na rangi chini ya bolti mpaka chuma king'ae.

Taa ikikataa kote, ama waya umekatika njiani, ama rilei inagonga huku midomo yake ya ndani (sehemu zinazogusana kupitisha umeme) imeungua.

4. Rilei haigongi. Badilisha na nyingine kwenye boksi hilohilo yenye namba na mchoro sawa. Bado? Ichomoe. Funga mguu wa taa kwenye chanya ya betri, kisha kwa ncha yake gusa matundu ya rilei mwenzako akibonyeza na kuachia. Lazima kuwe na tundu linalowasha taa *wakati wa kubonyeza tu*. Likikosekana, kosa liko upande wa usukani.

5. Usukani. Hapa nasisitiza sana. Chini ya kitufe huwa kuna eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali), nayo ikilipuka usoni inaweza kuua. Chomoa hasi ya betri, subiri dakika 10, na usipime kamwe nyaya za manjano kwa taa wala mita. Kama hujawahi kufungua usukani wenye eabegi, mpe fundi umeme wa magari.

Maswali ya wanachama

*Fundi, yangu inalia nikikata kona kushoto tu. Na taa ya eabegi imewaka kwenye dashibodi.*
Ni utepe wa nyaya unaojizungusha chini ya usukani, umekatika. Eabegi nayo hupita humo, kwa hiyo katika ajali huenda isifunguke. Usiahirishe, na usiuunge kwa solda. Weka mpya.

*Mkuu, inalia kama chura aliyekabwa.*
Pikapu nyingi zina honi mbili, ya sauti nyembamba na ya nzito. Huenda moja imekufa. Kama zote zinalia, pima volti kwenye honi ikiwa inalia, kisha kwenye betri. Tofauti ikizidi volti 1, tafuta kutu kwenye viungo na ethi. Umeme ukiwa mzuri, tazama kama honi ina skrubu ya kurekebishia nyuma. Izungushe kidogo kidogo ukisikiliza.

*Inalia yenyewe, haikomi!*
Chomoa rilei. Ikinyamaza, weka rilei nyingine. Ikianza tena, waya wa usukani unagusa bodi au kitufe kimenata.

*Naweza kufunga honi ya lori?*
Angalia volti kwanza, maana malori mengi hutumia 24 na pikapu yako ni 12. Hata ikiwa ya 12, soma ampia zake, uipe rilei na fyuzi yake na waya mnene kutoka kwenye betri. Mdomo uelekee chini maji yasituame ndani.