Kuchora kware na malimao kwa staili ya Caillebotte

Gustave Caillebotte, mchoraji Mfaransa, wengi wanamjua kwa ile picha ya Paris na miavuli, lakini mi nampendea ya 1883 ya ndege waliowindwa na malimao, iko Springfield, Massachusetts. Hamna bunduki wala mikwara ya wawindaji kama kwa wachoraji wa zamani, ndege wamelala tu kama wako dukani wanasubiri mteja. Twende hivyohivyo.

Tafuta kware wa kufugwa wawili watatu, wawe na manyoya yao (kware wa porini achana nao kama huna kibali). Nunua asubuhi uchore siku hiyohiyo, mi niliwahi kujifanya ntamalizia kesho na hiyo kesho jikoni hapakukalika. Walaze kwenye karatasi nyeupe au sahani pana karibu na dirisha, na taa uzizime. Malimao matatu yanatosha, moja liguse manyoya, na usiyapange kama wanafunzi wa paredi.

Sasa kwenye weupe ndo penye kazi. Watu wanakamua nyeupe ya tyubu wanapaka vilevile, meza inakuwa kama ukuta wa zahanati. Angalia vizuri: upande wa dirisha weupe una ubaridi, chini ya ndege umeingia bluu, pembeni ya limao umeshachukua unjano wake, kwahiyo hiyo nyeupe kavu usiiguse kwanza, iweke akiba. Kivuli nacho usikimbilie nyeusi, changanya bluu iliyokoza na kahawia, alafu tia zambarau kidogo pale kivuli kinapokutana na limao uone limao linavyowaka bila kuongezwa njano hata tone.

Manyoya usihesabu. Finya macho mpaka uone mabaka makubwa tu, mgongo kahawia, kifua rangi ya mchanga, yapake kwa brashi bapa rangi ikiwa bado mbichi (kama ni akriliki fanya haraka, inakauka), kisha brashi nyembamba ipite mistari michache ya mgongoni basi. Ukichora kila unyoya utapata mto wa kulalia.

Jicho mwisho kabisa, doa jeusi lisilong'aa. Ukiweka kinukta cheupe ndege anafufuka, kifute, na ile nyeupe ya akiba ipeleke kwenye limao la mbele.