Kujaza chemshabongo ya Kiswahili: soma ngeli kabla ya maana

Mwongozo huu ni wa mtu anayekijua Kiswahili vizuri lakini bado anabaki na visanduku vitupu. Mara nyingi neno analijua. Kinachompita ni sarufi ya kidokezo.

1. Tumia penseli. Anza na vidokezo visivyo na utata: miezi, miji, tarakimu.

2. Hesabu herufi, si sauti. Ch, sh, dh, gh na ny hula visanduku viwili kila moja. Ng'ombe hula sita, kwa sababu ritifaa haipewi kisanduku.

3. Ikague irabu ya mwisho. Karibu maneno yote huishia kwa irabu. Kitenzi chenye asili ya Kibantu huishia kwa *a*. Kikikanusha wakati uliopo, *i* (haendi). Vya Kiarabu hubaki na irabu zake: samehe, rudi, jibu. Kidokezo kikiwa cha kutendwa, andika WA mwishoni kabla hata ya kulijua jibu.

4. Fuata upatanisho. Hapa ndipo saa nzima hupotea, basi usiharakishe.

"Ya kukunia nazi" na "Wa kuchinjwa" vyote ni MBUZI. "La nyumba" ni PAA, na "Wa porini" pia ni PAA. Kiunganishi kidogo mwanzoni ndicho kinachokuonyesha unatafuta kifaa, jengo au mnyama. Faida yake huonekana zaidi kwenye wingi. Chukua visanduku vinne vinavyoishia UA. "Za kuzungukia nyumba" ni NYUA; "Ya bustanini" ni MAUA. Herufi mbili za mwisho ni zilezile, kwa hiyo majibu ya Chini (yanayosomwa kutoka juu kwenda chini) yanayopita hapo hayakusaidii hata kidogo. *Za* na *ya* ndizo zinazoamua.

Kuna mitego minne:

- "Kitu cha kukunia nazi": *cha* ni ya kitu, si ya jibu. Usitafute neno linaloanza na KI.
- Watu na wanyama huchukua *a-wa* hata umbo la jina likiwa jingine. "Anakaa mtoni", visanduku sita, ni KIBOKO. Ukilazimisha M mwanzoni utaharibu kona yote. ("Cha kuchapia" nacho ni KIBOKO.)
- *Ya* hutumika kwa umoja wa i-zi na kwa wingi wa li-ya na u-i. Peke yake haikwambii kama ni kimoja au vingi.
- *Hu-* huficha ngeli. "Huwaka gizani" ni TAA. "Huogelea, ana mkia mrefu" ni TAA yule samaki, na hapo *ana* ndiyo iliyomfichua. Mtunzi mjanja angeliondoa neno hilo. Ukikutana na *hu-* tupu, kiache kidokezo hicho mpaka upate herufi mbili za kukatisha.

5. Umbo la jibu lifuate umbo la kidokezo. "Tia chakula kinywani" ni LA. "Kutia chakula kinywani" ni KULA. "Hapana" nayo ni LA.

6. Kamusi iwe ya mwisho. Napendelea Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, kwa kuwa huonyesha ngeli ya kila nomino na kuzitenga homonimu (maneno yanayoandikwa sawa lakini yenye maana tofauti). Programu za kutafsiri za simu siziamini kwa kazi hii: mara nyingi hukupa maana iliyozoeleka tu, na mtunzi huitafuta ile nyingine. Yaweke kichwani maneno yanayopendwa na watunzi: mtondo (siku inayofuata keshokutwa), mtondogoo (inayofuata mtondo), kata ya kuchotea maji, debe shinda (lisilojaa).

7. Majibu mawili yakitosha mahali pamoja, yaandike yote kwa herufi ndogo pembeni, kisha jaza vidokezo vya Chini vinavyopita kwenye herufi zinazotofautiana. Vile vinavyopita kwenye herufi zinazofanana viache kwanza.