Somo: Lifuate tone la maji ya ubongo

Wanafunzi wengi wa uuguzi na utabibu huyakariri majina ya njia ya maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha huyasahau siku ya mtihani. Chukua karatasi na penseli, tuichore pamoja.

Hatua ya 1: Anza na damu. Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hupokea kama asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Chora mishipa minne ikipanda shingoni: karotidi za ndani mbili kwa mbele, vetebra mbili kwa nyuma. Zinakutana chini ya ubongo kwenye duara la Willis, lililopewa jina la tabibu Mwingereza Thomas Willis aliyelieleza mwaka 1664. Uti wa mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo) una ateri moja mbele na mbili nyuma.

Hatua ya 2: Maji hutokana na damu hiyo. Ndani ya vyumba vinne vya ubongo kuna vishada vya mishipa midogo, koroidi pleksasi. Kwa mtu mzima vinatengeneza kama nusu lita kwa siku, ilhali maji yaliyomo wakati wowote ni mililita 150 hivi. Piga hesabu: yanabadilishwa zaidi ya mara 3 kila siku. Hapa naomba mtulie. Njia ikiziba, vishada haviachi kutengeneza maji, na ndiyo maana kichwa cha mtoto mchanga hutanuka.

Hatua ya 3: Chora njia. Vyumba viwili vya pembeni, matundu ya Monro, chumba cha tatu, mfereji wa Sylvius (mwembamba sana), chumba cha nne. Kutoka hapo maji hutokea matundu ya Luschka na Magendie, yakauzunguka ubongo na uti wa mgongo chini ya utando wa araknoida, mmoja wa tando zinazoufunika ubongo.

Hatua ya 4: Juu ya utosi, vijipunje vya araknoida huyarudisha kwenye vena kubwa. Yalitoka kwenye damu, yamerudi kwenye damu.

Sasa ziba mfereji wa Sylvius kwa kidole. Vyumba vipi vitavimba? Vya pembeni na cha tatu. Cha nne hakivimbi. Ukilijibu hilo bila kutazama mchoro, umeelewa.

MASWALI

Mwalimu, ndugu wa mgonjwa wanakataa atolewe maji mgongoni, wanasema atapooza. Niwaambie nini?

Wasikilize kwanza, maana woga wao ni wa kweli. Kisha waeleze kwamba kwa mtu mzima uti huishia pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, nasi tunachoma chini ya hapo, kati ya ya 3 na ya 4 au ya 4 na ya 5. Pale kuna nyuzi za neva tu zinazoelea majini. Kwa mtoto mchanga uti hushuka zaidi, hivyo choma chini zaidi. Chunguza kwanza dalili za shinikizo kubwa kichwani. Zikiwepo, usichome, lakini dawa za homa ya uti wa mgongo zisisubiri.

Dokta, yakitoka na damu nitajuaje kama ni sindano iliyojeruhi?

Kinga chupa tatu kwa mfuatano, uziinue kwenye mwanga. Damu ikipungua hadi ya tatu, huenda ni sindano. Zikilingana zote, fikiria damu imevuja kuzunguka ubongo. Maji salama ni angavu kama ya kunywa. Yakiwa kama maji ya mchele, shuku bakteria.

Mtoto wa dada yangu ana miezi mitatu, kichwa kinakua haraka na macho yanatazama chini.

Pole sana. Hizo ni dalili za kichwa maji, mpelekeni hospitali leo. Kuna mpira unaopeleka maji tumboni, na kuna upasuaji wa kutoboa sakafu ya chumba cha tatu na kuviunguza vishada vya koroidi, ambao daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf aliuendeleza Mbale, Uganda. Chukueni na kadi ya kliniki, daktari aone vipimo vya kichwa vya miezi iliyopita.