PAYE ikishushwa, angalia inakata nini kwenye hela ya nyongeza

Kila Mei Mosi wafanyakazi tunasubiri kusikia PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, imeshuka, ila kabla hujashangilia kaa na slipu yako ya mshahara upige hesabu mwenyewe, maana kuna punguzo la kukuachia vijihela tu na kuna lile linalofanya ovataimu ilipe kweli.

Toa kwanza mchango wa mfuko wako wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, kinachobaki ndo kinatozwa. Viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kwa mwezi: mpaka 270,000 hulipi kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka milioni 1 asilimia 25, inayozidi asilimia 30. Kila asilimia inakula kipande chake tu sio mshahara wote, kwahiyo anayekataa nyongeza eti atavuka kiwango abaki na kidogo zaidi anajinyima bure kabisa.

Tuseme inayotozwa ni 800,000. Kodi ni 78,000, karibu asilimia 10. Namba hiyo isikudanganye! Ikiongezeka ovataimu ya 100,000 inakatwa 25,000, na hiyo 25 ndo ya kuangalia unapoamua kubaki kazini jioni au kuwahi nyumbani kwa watoto.

Mwaka 2021 Mama Samia alishusha asilimia 9 ya ngazi ya chini ikawa 8. Wa laki nane akapata 2,500 kwa mwezi basi, ovataimu yake ikaendelea kukatwa 25 vilevile. Wa laki nne ndo iligusa hela yake ya ziada, tena shilingi 1 tu kwenye kila 100. Sasa linganisha na 2020, ngazi zenyewe zilisogezwa, kima cha kutolipa kikatoka 170,000 hadi 270,000, wa laki nane akatoka kukatwa 30 kwenye ziada akaja 25, wa laki mbili na nusu akaacha kulipa kabisa. Mimi naona hilo ndo la kudai.

Halafu jumlisha na makato mengine. Mshahara unaotozwa kodi umezidi milioni, NSSF unakatwa asilimia 10, bodi ya mikopo ya elimu ya juu inakudai asilimia 15 ya mshahara wa msingi: nyongeza ya 100,000 inatoka 10,000 ya NSSF, 27,000 ya PAYE, 15,000 ya bodi. Mkononi inafika 48,000. Sawa, NSSF ni akiba yako na deni litaisha, ila bosi akikupa majukumu mapya kwa nyongeza ya laki, jadiliana naye ukiwa na hiyo 48,000 kichwani.